Mtoto, Mbwa na Shimo la Kuogea Mtoni

Wakati wa kiangazi mito yetu hupungua. Chini ya mawe na maporomoko hubaki mashimo ya maji matulivu. Watoto wanayajua yote. Siku ya posho, masomo yakiisha, wanakwenda kuoga na kuruka, na mbwa wa nyumbani anawafuata. Hii si kosa. Kujua kuogelea ni jambo jema, na mbwa ni rafiki mwema wa njia.

Lakini wazazi wengine husema: «Acha waende, mbwa iko pamoja nao.» Hapo tunataka kusema neno. Mbwa anaweza kumwonya mtoto juu ya nyoka au mtu mgeni. Kuna mambo matatu ambayo hawezi kumwonya. Usome, kisha uwaelezee wa nyumbani.

1. Mdudu asiyeonekana

Mwaka 1851, huko Cairo katika inchi ya Misri, munganga mmoja Mjerumani, Theodor Bilharz, aliona minyoo midogo ndani ya mishipa ya damu ya mtu aliyekufa. Ugonjwa wake tunauita bilarziozi. Wengine husema kichocho. Iko katika sehemu nyingi za Kongo, hata Maniema na Katanga.

Inaingia namna gani? Mtu mgonjwa ananya au anakojoa ndani ya mto au kando yake. Mayai ya minyoo yanafika majini na kupasuka. Vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo wanaokaa kwenye majani, pahali maji hayaendi mbio. Baada ya wiki kadhaa vinatoka kwa maelfu na kuogelea, vikitafuta ngozi ya mtu. Vinatoboa ngozi kwa dakika chache tu. Vinatoka wengi zaidi jua likiwa kali, karibu saa 6 mchana. Ndiyo saa ile watoto wanapenda kuoga!

Mtu anasema: «Maji iko safi, ninaona mchanga chini.» Ndugu, macho hayaoni mdudu huyu, na pua ya mbwa haimnusi. Mwingine anasema: «Siye tunaoga hapa tangu zamani, hatukufa.» Lakini ugonjwa huu hauui kwa siku moja. Mtoto anaumwa tumbo, anaharisha damu, au anakojoa damu. Anachoka, hakui vizuri. Miaka ikipita, ini linaharibika, tumbo linajaa maji, na mtu anaweza kutapika damu.

Dawa iko: vidonge vya praziquantel. Vinapimwa kwa kilo za mgonjwa, basi usijipimie mwenyewe. Lakini ukipona na kurudi katika maji yale yale, utaupata tena. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni choo. Chimba choo mbali na mto, na umfundishe mtoto atoke majini akitaka haja.

2. Nguvu ya maji na wanyama wake

Pahali maji yanakwenda mbio juu ya mawe, konokono ni wachache, lakini mkondo unachukua mtu. Mtoto asiruke kichwa mbele katika shimo asilolipima kwa fimbo. Shingo ikivunjika juu ya jiwe, anaweza kulala bila kutembea maisha yake yote. Mkubwa mmoja anayejua kuogelea akae pale, asilale, asinywe pombe.

Mbwa anayeogelea akichoka hupanda juu ya mgongo wa mtoto na kumzamisha, bila ubaya wowote. Basi mbwa na mtoto mdogo wasiingie pamoja kwenye kilindi.

Mbwa wetu wa kuwinda, wanaovaa kengele ya mti shingoni, hawabweki sana. Usingoje sauti yao. Mamba hukamata mbwa anayekunywa kama anavyokamata mtu. Mbwa akisimama na kukataa kuingia, usimsukume wala usimcheke. Toeni watoto mara moja.

3. Mbwa mwenyewe

Kuna mtu anayesema: «Imbwa huyu anaingia majini, basi hana kichaa.» Si kweli! Anayeogopa maji ni mtu aliyeshikwa na kichaa cha mbwa, kwa sababu koo lake linakaza akijaribu kunywa. Mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa, hata kuvuka mto. Alama zake ni nyingine: tabia inageuka, anauma ovyo, mate yanatiririka, taya linalegea, sauti inabadilika. Mwingine anajificha tu gizani.

Akimwuma mtoto, au akilamba kidonda chake, fanya hivi:

— Osha kidonda na sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Usitie pilipili, majivu wala majani.
— Peleka mtoto hospitalini siku ile ile. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.
— Sindano zinapigwa siku kadhaa zilizopangwa. Zamani zilipigwa tumboni. Leo ni kwenye mkono. Maliza zote.

Alama za ugonjwa zikianza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa, na dawa ya kumponya hakuna. Lakini zinaweza kukawia wiki nyingi au miezi, na kidonda kikawa kimepona. Wengi hudanganyika hapo. Na mbwa wako naye apate chanjo yake.

Ndugu msomaji, Mungu alitupa mto, na mbwa pia. Hatukatazi watoto furaha yao. Tunasema tu: ulinzi wa mtoto usimwachie mbwa. Mbwa hajui kuchimba choo, hajui kupima kilindi, hajui njia ya hospitali. Wewe unajua. Na siku ya posho watoto wakienda mtoni, fuatana nao.