Utunzaji au Usimamizi wa Funguo? Istilahi na Dhana katika Mitandao ya Vihisi

Aundaye istilahi hana budi kuielewa kwanza dhana anayoitafutia jina. Tuchukue mfano wa mitandao ya vihisi isiyotumia waya. Kihisi, nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi -hisi, ni kifaa kidogo kinachopima joto, unyevu au mtikisiko, kisha kupeleka vipimo hivyo kwa mawimbi ya redio. Kwa kuwa mawimbi hayo huweza kunaswa na yeyote, ujumbe husimbwa kwa ufunguo, yaani mfuatano wa siri wa tarakimu. Asiyekuwa nao hawezi kuusimbua.

Je, kazi ya kuzishughulikia funguo hizo tuiite utunzaji? Katika matumizi ya kawaida, kutunza ufunguo ni kuuweka mahali pasipofikiwa na mwizi. Lakini kihisi huachwa shambani au msituni bila mlinzi, na atakayekiokota aweza kuzisoma siri zilizomo. Swali kuu, basi, ni hili: kihisi kimoja kikitekwa, ni siri kiasi gani za mtandao mzima zitakazopotea?

Vihisi 1,000 vikitumia ufunguo mmoja, kutekwa kwa kimoja ni kutekwa kwa vyote. Kila jozi ikipewa ufunguo wake, kila kihisi kitabeba funguo 999, na mtandao utahitaji funguo 499,500. Mzigo mzito kwa kifaa chenye kumbukumbu finyu. Mwaka 2002, Laurent Eschenauer na Virgil Gligor walipendekeza njia ya kati: kila kihisi kichotewe kwa bahati nasibu funguo chache kutoka katika hazina kubwa. Hazina ikiwa na funguo 10,000, kila kihisi kikichotewa 83, uwezekano wa vihisi viwili vyovyote kuwa na angalau ufunguo mmoja wa pamoja huzidi nusu kidogo. Visivyo nao huunganishwa kupitia jirani. Kihisi kikigunduliwa kuwa kimetekwa, funguo zake hufutwa katika vingine.

Kwa hiyo, ndani ya dhana hii mna kugawa, kuafikiana, kubadilisha na kufuta. Neno "utunzaji" halibebi hata moja kati ya hayo. "Usimamizi" layabeba yote. Atakayejifunza fani hii kwa neno la kwanza aweza kudhani kwamba kuficha kwatosha, na kosa hilo litakuwa limetokana nasi tuliompa neno.