Muuza midoli, pima kabla ya kulipia mzigo

MCHUUZI anayefuata mzigo Sirari, mpakani na Kenya wilayani Tarime, ili akauze Mugumu wilayani Serengeti, hukagua viatu mshono kwa mshono. Akifika kwenye vitu vya kuchezea watoto, mara nyingi huishia kutazama bei na rangi.

Hapo ndipo penye hatari. Mtoto anayeanza kutembea hupeleka kila kitu mdomoni. Jicho la mdoli lililochomoka au gurudumu la kigari linatosha kumziba pumzi kabla hajafikishwa zahanati.

Kipimo chake ni rahisi. Viwango vya kimataifa hutumia mrija wenye upana wa milimita 31.7, na kitu kinachotumbukia chote ndani yake hakifai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Mchuuzi anaweza kukata tundu la duara la milimita 32 kwenye kipande cha boksi gumu akaenda nalo dukani. Kinachopenya kiachwe. Mpira uwe mkubwa zaidi, usipenye hata tundu la sentimita 4.5, kwa kuwa kitu cha duara huziba koo kabisa.

Baada ya hapo vuta macho, vifungo na magurudumu kwa nguvu. Maabara huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo tisa, sawa na dumu la lita 10 ambalo halijajaa. Muuzaji wa jumla atanuna, lakini fedha ni za mchuuzi.

Midoli inayolia au kuwaka taa itazamwe mahali pa betri. Mfuniko uwe umefungwa kwa skrubu, si wa kubonyeza tu. Betri bapa zinazofanana na kifungo, mtoto akiimeza moja ikakwama, huweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Sumaku ndogo nazo ni za kukataa: mbili zikimezwa huvutana na kutoboa utumbo.

Ipo pia alama inayosomwa kinyume. Duara lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, likiwa limekatwa kwa mstari, maana yake ni kwamba kitu hicho hakimfai mtoto wa umri huo.

Rangi ndiyo ngumu, kwani madini ya risasi hayaonekani kwa macho, na hudhuru ubongo wa mtoto. Agosti 2007, kampuni ya Mattel ilirudisha midoli yake takriban 967,000 iliyouzwa Marekani kutokana na rangi yenye risasi. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho iliponyokwa, mchuuzi asijidai kujua kwa kutazama. Aache inayobanduka kwa ukucha, adai risiti yenye jina la duka, na akiwa na shaka aulize Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Maseremala wa Tarime na Mugumu wana nafasi hapa. Vibao vya kupanga na vigari vya kusukuma vinatoka kwenye mabaki ya mbao, mradi zisiwe zilizotiwa dawa. Vipigwe msasa hadi visiache kibanzi, vipakwe nta ya nyuki au viachwe vilivyo. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango isitumike.

Lakini kitu kibaya kuliko vyote hakinunuliwi dukani. Ni chupa tupu ya dawa ya pamba au ya kuogeshea ng'ombe, ambayo ikitiwa punje za mahindi hugeuka kayamba la mtoto. Kuiosha hakuifanyi salama kwa mtoto. Mkulima aisuuze mara tatu, maji hayo ayamimine kwenye bomba la kunyunyizia, kisha aitoboe chupa siku hiyohiyo, kabla mtoto hajaiokota.