Mtoto anataka kufuga kasa? Mwonyeshe mjusi wa ukutani

Kwa mtoto wa Kisiwa cha Bwejuu, Mafia, mnyama mdogo wa kutamani kufuga ni mtoto wa kasa. Anaenea kiganjani, hang'ati, na maji ya chumvi ya kujaza ndoo yapo hapo hapo. Bahati mbaya, ndiye asiyefaa kabisa.

Kasa huanguliwa baada ya siku kama 60, akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni. Akiba hiyo ni nauli yake: akimbie mchangani, kisha aogelee mfululizo mpaka bahari kuu. Ukimtia ndooni anapiga mbizi palepale na kuimaliza. Ukija kumwachia kesho, anaingia baharini hoi. Tena Kanuni za Uvuvi za 2009 zinakataza kumkamata.

Kinyonga je? Wengi wanamwogopa, ila shida hasa ni matunzo: anataka wadudu hai, na maji huyalamba kwenye majani, si kwenye kisahani.

Anabaki mjusi kafiri, yule wa karibu na taa. Hafungiwi, halishwi, na mbu anakula bure. Mtoto awahesabu kila jioni, aone nani kakatika mkia na unavyoota tena.

Kuwashika ndiyo hapana. Wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela, wanaoleta kuhara na homa. Marekani ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo wa maji baridi mwaka 1975 kwa sababu watoto waliugua. Akigusa, anawe kwa sabuni. Wa chini ya miaka 5 atazame tu.