Divai Nyeupe Yenye Kuchokoza Mate

Kwenye foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, katikati ya shehena za salfa na vipuri vya migodi, hupita pia makasha ya divai ya Afrika Kusini. Kutoka Cape Town hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 3,000, na bado nyingi ya divai hiyo hufika rafuni kwa bei ambayo mshahara wa kawaida unaimudu mara moja moja. Mnunuzi wa Lubumbashi huipita ile nyeupe, akachukua nyekundu yenye sukari, au akarudi kwa bia yake baridi ya Simba. Anajinyima bure.

Jina la kutafuta ni Chenin Blanc. Asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Huko Rasi, Afrika Kusini, ambako divai ya kwanza ilikamuliwa Februari 1659, wakulima waliiita Steen vizazi na vizazi, hadi miaka ya 1960 wataalamu walipothibitisha kwamba mzabibu ni ule ule. Leo ndiyo zabibu ya divai iliyopandwa eneo kubwa zaidi Afrika Kusini, na wingi huo husaidia kushusha bei.

Kinachoburudisha ni asidi. Zabibu ina mbili kubwa, tartariki na maliki, na hii ya pili ndiyo iliyomo kwenye tofaa bichi. Tunda linapoiva hupumua, na linapopumua huunguza maliki. Usiku ukiwa wa joto, maliki huungua haraka. Tartariki ni sugu zaidi. Ndiyo maana zabibu za nchi ya joto mara nyingi hujaa sukari huku ladha yake ikiwa imelala. Chenin ina bahati yake: hung'ang'ania asidi hata jua likiwa kali.

Wanywaji wa munkoyo wanaujua uchachu wa namna nyingine. Mizizi inayotiwa kwenye uji wa mahindi ina vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, kisha bakteria huigeuza sukari hiyo kuwa asidi laktiki, ile laini ya maziwa mgando. Bakteria wa jamii hiyo wakiachwa ndani ya divai huigeuza maliki kuwa laktiki, na makali yanapoa. Kwa nyekundu hilo hutakiwa. Kwa nyeupe ya kuburudisha, mtengenezaji huwazuia kwa ubaridi na dioksidi ya salfa. Hata uchachushaji wenyewe hufanyika ndani ya matangi ya chuma yaliyopozwa, nyuzi 12 hadi 16 hivi, ili harufu ya mapera isiruke pamoja na gesi.

Chenin hiyo hiyo hulimwa pia nchini Tanzania. Madereva wa Katanga wanaoshuka Dar es Salaam kupitia Tunduma na Mbeya hupita Iringa. Hapo barabara moja huchepuka kaskazini kwenda Dodoma, na kabla ya mji inapita Bihawana, ambako mapadri Waitaliano walipanda mizabibu miaka ya 1950. Ni nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu. Mkulima hupanga majira kwa mkasi: akipogoa, mti unachipua, na baada ya miezi michache anavuna. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi, kisha tena Agosti na Septemba.

Mavuno hayo mawili si pacha. Ya Machi huiva mvua ikinyesha na ukungu ukila majani. Ya pili huiva kiangazi, na kwa kuwa Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 14. Kwa hesabu ya maliki, mavuno haya ya pili ndiyo ya kutengenezea nyeupe. Mwaka peke yake kwenye lebo hauwezi kumwambia mnywaji ni mavuno yapi.

CETAWICO, kiwanda cha Hombolo, kimewahi kutengeneza Chenin. Lakini zabibu nyingi za wakulima wadogo huishia kuwa mchuzi wa zabibu, unaochachushwa na kuwekwa kwenye matangi hadi kiwanda kije kununua. Tangi lisipopozwa, harufu nyingi inaondoka. Nyeupe ya Dodoma inakwamishwa zaidi na uhaba wa umeme na matangi yaliyopozwa kuliko na jua.

Lubumbashi nako adui ni joto. Chupa ichaguliwe ya mwaka wa karibuni, maana Chenin ya bei nafuu haikutengenezwa izeeke, na isiwe ile iliyosimama dirishani: mwanga ukipenya kioo cheupe huzaa harufu ya kabichi iliyochemka. Rangi ya dhahabu iliyokoza kuelekea kahawia huashiria kwamba hewa imeingia. Oktoba, umeme ukikatika, ndoo ya maji na barafu yenye konzi ya chumvi huishusha divai hadi nyuzi 8 au 10 kwa nusu saa.

Mezani, bukari na samaki thomson wa kukaanga ndiyo mahali pake, kwa kuwa asidi hukata mafuta. Sahani ikiwa na pilipili nyingi, chupa ya asilimia 12 ya alkoholi ni bora kuliko ya 14: alkoholi huamsha vipokezi vile vile vya ulimi vinavyowashwa na pilipili.