Kichocho kinavyofuata kazi ya familia Mkolani

Mwanza. Daladala ya Buhongwa ikitoka katikati ya Jiji la Mwanza hupita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi kabla ya kufika Mkolani, kata ya Wilaya ya Nyamagana iliyo kati ya jiji na shamba. Magharibi yake, nyuma ya vilima vya mawe, ziko ghuba za Ziwa Victoria. Barabara ikiendelea kusini kuelekea Usagara na Misungwi, milima hupungua na kuanza mbuga za udongo mweusi, majaruba ya mpunga na malambo ya kunyweshea ng’ombe.

Familia nyingi za ukanda huu huishi kwa kuchanganya kazi. Baba anaweza kuwa mvuvi au mponda kokoto, mama akauza dagaa sokoni, na mvua zikianza wote wakaenda shambani kwa bibi kupanda mpunga. Mtoto huwafuata kote huko.

Kwa mzazi, jiografia hiyo si somo la darasani tu. Ndiyo inayoamua mtoto atapata kichocho cha aina gani, na akifika zahanati apimwe nini.

Aina mbili, maji mawili

Watu wengi wakisikia neno kichocho hufikiria kukojoa damu. Hiyo ni aina moja tu, kichocho cha mkojo. Ipo nyingine, kichocho cha tumbo, ambayo mayai ya minyoo yake hutoka na choo kikubwa. Tanzania hutajwa kuwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, na katika Kanda ya Ziwa aina zote mbili zipo.

Kinachozitenganisha ni konokono. Kila aina ya minyoo hii huhitaji konokono wake wa majini ili ikue. Konokono wa kichocho cha tumbo hustawi kwenye majani ya kando ya Ziwa Victoria. Wa kichocho cha mkojo hupenda maji yaliyotuama: malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Baadhi yao hustahimili kiangazi wakiwa wamejificha kwenye tope, kisha huamka mvua zinaponyesha.

Ndiyo maana kwa kiasi kikubwa kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa mwambao wa ziwa, na kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa bara, kwenye mbuga na malambo. Mkolani na jirani zake wako katikati.

Upande wa ziwa

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa taa zinazowavuta karibu na mtumbwi. Mitumbwi ikirudi mwaloni alfajiri, kazi huhamia kwa wanawake: kununua kwa ndoo, kuosha, kuanika juu ya mchanga, mawe au chanja, na kugeuza hadi wakauke. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, huenda viwandani kukatwa minofu ya kuuza nje ya nchi. Mabondo yake huuzwa kwa bei kubwa, na mapanki hurudi mtaani kuwa kitoweo cha wenye kipato kidogo.

Mama akiwa mwaloni, watoto huwa karibu naye. Huosha vyombo, huchota maji, huoga na kuogelea. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwa konokono huelea majini na kupenya kwenye ngozi kwa dakika chache, bila mtoto kuhisi maumivu. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, saa zilezile ambazo watoto hupenda kucheza majini.

Kula dagaa au sangara hakuleti kichocho. Wala mtoto hakipati kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa. Hukipata kwa kugusa maji yenye vijidudu.

Dalili za kichocho cha tumbo ni za kuchanganya: maumivu ya tumbo, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye choo, uchovu na kupungukiwa damu. Ni rahisi kwa mzazi kudhani ni minyoo ya kawaida au malaria. Kikikaa miaka mingi bila tiba, ini na bandama huharibika, tumbo huvimba na mgonjwa anaweza kutapika damu.

Upande wa mbuga

Kwenye mbuga, maji ya mvua ndiyo mtaji. Mpunga hupandwa kwenye majaruba, ng’ombe hunyweshwa lamboni, na viazi vitamu huvunwa, kukatwa na kuanikwa kuwa michembe ya kula kiangazi. Watoto wa kiume huchunga na kuoga lamboni. Wa kike huchota maji na kufua. Wakati wa kupandikiza mpunga, familia nzima husimama kwenye maji.

Dalili kubwa hapa ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho, na maumivu wakati wa kukojoa. Katika jamii nyingi za Afrika, damu hiyo kwa mvulana ilichukuliwa kuwa dalili ya kubalehe. Si kweli. Ni ugonjwa, na usipotibiwa unaweza kuharibu figo na hata kuchangia saratani ya kibofu.

Kwa msichana hali inaweza kufichika zaidi. Mayai ya minyoo yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, uchafu, kuwashwa, maumivu au damu isiyo ya hedhi. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Binti ambaye hajawahi kujamiiana anaweza kutuhumiwa nyumbani, akanyamaza, na ugonjwa ukaendelea. Baadaye unaweza kumletea ugumba, na vidonda hivyo huhusishwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa Virusi vya Ukimwi. Kabla ya kumshutumu binti, mzazi amuulize kwanza kama amewahi kuoga au kufanya kazi lamboni au kwenye majaruba.

Mwambie daktari maji aliyopita

Hapa ndipo jiografia inapogeuka kuwa msaada. Kichocho cha tumbo hutafutwa kwenye choo kikubwa, cha mkojo hutafutwa kwenye mkojo. Mtoto aliyeambukizwa lamboni akipimwa choo peke yake, majibu yanaweza kuonyesha hana kitu, naye akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Kwa hiyo mzazi aeleze mapema: mtoto huenda mwaloni, alikaa likizo kijijini kwenye mpunga, au amepita kote kuwili. Aliyepita kote apimwe vyote. Mkojo wa kupima kichocho unafaa kuchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Kipimo cha choo wakati mwingine huhitaji kurudiwa.

Tiba ya aina zote mbili ni ileile, prazikwanteli, kwa dozi inayolingana na uzito au kimo. Ni hiyo inayogawiwa shuleni katika kampeni za kingatiba. Ni chungu na inaweza kuleta kichefuchefu, hivyo mtoto ale kwanza kabla ya kumeza. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui vizuri ile michanga na haimkingi mtoto anaporudi majini. Aliyemeza mwaka jana anaweza kuhitaji tena mwaka huu.

Walioachwa nje ni wale ambao hawajaanza shule. Mtoto anayebebwa mgongoni kwenda mwaloni na kuogeshwa kwa maji ya ziwa anaweza kuambukizwa kabla hajajua kuongea. Mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliithibitisha arprazikwanteli, vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Mzazi mwenye mtoto wa umri huo mwenye dalili asisubiri kampeni ya shule. Ampeleke kituo cha afya na kuuliza tiba inayomfaa.

Kazi haiwezi kuachwa

Kumwambia mama wa mwaloni asiguse maji ni kumwambia asile. Kinachowezekana ni kupunguza. Maji ya bomba yanasaidia sana, na mtambo wa Butimba, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, umejengwa ili kuyaongeza jijini. Pale bomba lisipofika, maji ya ziwa au lambo ya kumuogesha mtoto yachemshwe na kuachwa yapoe, au yakae kwenye chombo safi chenye mfuniko kwa siku mbili. Vijidudu vya kichocho haviishi zaidi ya hapo bila kupata ngozi ya kupenya. Maji ya kunywa yachemshwe.

Viatu vya mpira virefu kwenye majaruba husaidia anayevimudu. Kubwa kuliko yote ni choo. Minyoo hii huanza safari pale mtu anapojisaidia au kukojoa ndani au kando ya maji. Mwalo wenye choo kinachotumika na lambo ambalo watoto wamefundishwa kutolikojolea huwapunguzia konokono maambukizi, na vijidudu vinavyowarudia watoto hupungua pia.

Familia za Mkolani zitaendelea kupanda daladala asubuhi, nyingine kuelekea ziwani na nyingine kuelekea mbugani. Mzazi akumbuke tu mtoto wake alikanyaga maji yapi, na alitaje hilo mbele ya daktari kabla hajaulizwa.