Mgonjwa Anapotufundisha Kushukuru

Katika sharika zetu nyingi ni desturi njema kwamba mtu aliyepona ugonjwa, au aliyejifungua salama, au aliyerudi kutoka safari ndefu, huleta sadaka ya shukrani mbele za Bwana. Wengine huleta fedha katika bahasha, wengine kuku, ndizi au mayai, navyo hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Mchungaji husoma jina na sababu ya shukrani, akina mama hupiga vigelegele, kisha ibada huendelea. Desturi hii tumeizoea kiasi kwamba si rahisi kuiona kasoro iliyomo ndani yake, nayo ni hii: shukrani ya mgonjwa tumeiwekea sharti la kupona. Yule asiyepona, na ambaye pengine hatapona, hana siku yake ya kushukuru mbele ya usharika. Tumemwachia maombezi tu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini wagonjwa wa namna hiyo wanaweza kuwa walimu wetu wa shukrani, na kwa nini sisi watumishi wa Neno hukawia kujifunza kwao. Hatuandiki kama watu waliokwisha kulimudu jambo hili. Tulifundishwa kwa aibu.

Tulipokuwa tukitumika katika usharika mmoja wa vijijini, alikuwako mama mjane aliyeugua saratani ya shingo ya kizazi. Hiyo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi katika Tanzania, nao wengi wao hufika hospitalini ikiwa imekwisha kuenea. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Alipata tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini penye tiba hiyo, kisha akarudi nyumbani, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haukuweza kuondolewa tena. Jumapili moja mjukuu wake alileta mayai saba na maneno mawili: bibi anashukuru. Hatukuuliza anashukuru nini. Tulisimama madhabahuni tukatangaza kwamba mama huyu anamshukuru Mungu kwa kumponya. Vigelegele vilidumu.

Jumanne tulikwenda kumtembelea, naye habari ilikuwa imekwisha kumfikia. Baada ya salamu alituuliza, "Baba Mchungaji, nani alikuambia kwamba nimepona?" Tulijitetea kuwa tulisema kwa imani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mayai yale yalikuwa ya usingizi."

Akaeleza. Kwa miezi mingi hakuwa amelala hata alfajiri kwa sababu ya maumivu. Wiki ile muuguzi alimletea mofini ya maji, akalala siku nne mfululizo. Tena alikuwako jirani yake, mwanamke ambaye si wa dini yetu, aliyekuwa akimfulia vitambaa vyake kila asubuhi bila kuziba pua. Mayai manne yalikuwa ya zile siku nne, na matatu yalikuwa ya jirani. Ama kuhusu ugonjwa wenyewe, alisema, bado alikuwa na neno na Mungu na hajapata jibu. "Sasa wewe umemwambia Mungu uongo kwa kinywa changu."

Msomaji aangalie jinsi shukrani hii ilivyokuwa na mipaka. Mama yule alijua anashukuru kwa lipi, na alijua hashukuru kwa lipi. Sisi wenye afya aghalabu hushukuru kwa jumla: kwa uzima, kwa baraka, kwa mema yote. Shukrani ya jumla si dhambi, lakini mara nyingi huficha ukweli kwamba hatukuona kitu chochote. Mgonjwa ambaye siku yake imekuwa ndogo kama kitanda chake hukiona kitu kimoja kimoja: maji yaliyopoa, mto uliogeuzwa, mtoto aliyeingia chumbani bila kuogopa. Hapo yeye yu karibu na Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 kuliko wengi tuliokwisha kuifundisha katika kipaimara kwa miaka mingi, maana maelezo ya fungu la kwanza la Imani yanaorodhesha vitu vya kawaida kabisa vya mwili na vya nyumbani kabla ya kufika kwenye wajibu wa kushukuru.

Dk. Martin Luther aliyajua mambo haya mwilini mwake. Mwezi wa Februari 1537, alipokuwa Schmalkalden kwenye mkutano wa watawala na wanatheolojia wa Kilutheri, aliugua mawe, mkojo ukazuilika siku nyingi, hata ikadhaniwa kwamba atakufa. Alipokuwa akisafirishwa kwa gari la farasi katika njia mbovu, mkojo ulifunguka. Upesi alimwandikia mkewe Katharina barua ya furaha, akimsifu Mungu kwa jambo hilo hilo. Mwanafunzi wa theolojia aweza kucheka. Akisha kuketi na mzee mwenye ugonjwa wa tezi dume, hatacheka.

Hapa hapana budi kuligusa andiko ambalo sisi wachungaji hulichukua mara nyingi tunapokwenda kwa wagonjwa, yaani 1 Wathesalonike 5:18. Tafsiri ya Kiswahili iliyozoeleka hutumia neno "kwa", nalo neno hilo katika lugha yetu hubeba mizigo mingi: sababu, njia, mahali na hali. Mgonjwa anayesikia kwamba anapaswa kushukuru kwa kila jambo aweza kuelewa kwamba anaamriwa aushukuru uvimbe ulio tumboni mwake. Lakini Kigiriki cha Paulo hapo ni en panti, yaani "katika kila hali". Mungu anashukuriwa ndani ya hali hiyo. Hali yenyewe haikugeuzwa kuwa zawadi. Mwanafunzi makini atatukumbusha Waefeso 5:20, ambapo Paulo hutumia hyper, neno lililo karibu zaidi na "kwa ajili ya". Hatuna haki ya kuuficha mstari huo. Hata hivyo shukrani hiyo hutolewa katika jina la Yesu Kristo, na Yesu huyo, kama Luka anavyosimulia, aliikemea homa ya mkwewe Simoni (Luka 4:39). Katika Injili hatumwoni mahali popote akimwagiza mgonjwa aushukuru ugonjwa wake. Kwa hiyo tusiagize kwa jina lake neno ambalo yeye hakuliagiza.

Mahali pa kulitazama jambo hili kwa utulivu ni Meza ya Bwana. Tunaposoma maneno ya kuweka Karamu (1 Wakorintho 11:23-24) hupita upesi juu ya kwamba Bwana alishukuru usiku ule ule aliosalitiwa. Alishukuru akiwa ameushika mkate. Hakushukuru kwa usaliti. Tena usiku ule ule, huko Gethsemane, aliomba kikombe kiondolewe kwake (Marko 14:36). Shukrani na kilio vilitoka katika kinywa kimoja, katika muda wa saa chache, wala kimoja hakikukitangua kingine. Ikiwa ndivyo, mgonjwa anayeshukuru asubuhi na kulalamika jioni hajapungukiwa na imani. Anaifuata njia ya Bwana wake, na yule mchungaji aliyembebea Ekaristi nyumbani, neno ambalo asili yake ni "shukrani", afahamu kwamba ameleta mkate wa usiku ule.

Hata wale wakoma kumi katika Luka 17, ambao tumezoea kuwahubiri kwa haraka ili tufike kwenye kuwakemea tisa, walianza kwa kupaza sauti kutoka mbali wakiomba rehema. Kilio kilitangulia, wala hakikukemewa. Zaburi ya 88 kwa upande wake huanza kwa kilio na kuishia gizani, na Kanisa halikuiondoa katika Biblia kwa ajili hiyo.

Tatizo letu jingine ni la lugha, tena ni la kwetu kabisa. Mgonjwa akiulizwa anaendeleaje, hujibu, "Nashukuru." Hujibu hivyo hata kama hakulala, hata kama jana alitamani kufa. Jibu hili ni adabu. Ni mlango uliorudishwa polepole ili mgeni asifadhaike. Mchungaji anayelipokea kama ushuhuda wa imani, akaomba sala fupi na kuondoka, ameishia barazani. Tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera, hadi dawa za kupunguza makali ya VVU zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wengi walikufa wakiwa wamewajibu watumishi wa Mungu "nashukuru" peke yake, kwa kuwa walikwisha kusikia mimbarani ugonjwa wao ukiitwa adhabu. Nani angeufungua moyo wake kwa mtu wa namna hiyo? "Nashukuru" ile ilitoka kwa hofu, nasi tuliipokea.

Kwa hiyo twashauri mtembeleaji asubiri. Aketi, tena aketi chini kama mgonjwa yuko chini. Badala ya kuuliza habari za imani, aulize, "Usiku ulikuwaje?" Swali hili lina majibu ya kweli. Likijibiwa kwa machozi, asikimbilie kufungua Biblia.

Na maumivu yatibiwe. Cicely Saunders, daktari aliyefungua Hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Katika nchi yetu huduma hii huitwa tiba shufaa, na hospitali za KKKT, kama vile Selian ya Arusha, zimeifanya kwa miaka mingi. Waganga hawa, kwa kujua au bila kujua, wamechukua neno ambalo maana yake ya asili ni kumwombea mwingine. Mama yule hangeshukuru kwa usingizi kama asingepata mofini. Mchungaji anayehimiza shukrani lakini hajui ni wapi dawa ya maumivu hupatikana katika wilaya yake, amefanya nusu ya kazi yake, na si ile nusu ngumu.

Jambo moja zaidi, nalo hutusumbua. Mgonjwa wa muda mrefu hutegemea watu kwa kila kitu, na hutarajiwa kusema asante tangu asubuhi hadi usiku: kwa uji, kwa kugeuzwa, kwa sabuni na sukari tulizomletea, ambazo kwa kweli tunasimama kidogo kungoja zishukuriwe. Shukrani ya namna hiyo ni kodi. Huchosha kuliko ugonjwa. Wakati mwingine huduma njema ni kuondoka kabla mtu hajalazimika kushukuru, au kumwomba yeye atuombee sisi, ili naye awe mtoaji.

Siku ile ya Jumanne tulimwuliza mama yule kama angependa tangazo lirekebishwe. Alipenda. Tuliliandika kwa kalamu ya risasi ubavuni pa kitanda chake: kwamba anamshukuru Mungu kwa siku nne za usingizi na kwa jirani, ambaye tulimtaja kwa jina; kwamba hajapona, na kwamba anavumilia. Alitaka lisomwe tena, kisha akatuomba tulifute neno "anavumilia", na mahali pake tuandike kwamba bado anamwuliza Mungu. Lilisomwa hivyo Jumapili iliyofuata. Hapakuwa na vigelegele. Baada ya ibada wawili walitungoja mlangoni, mmoja mwenye kisukari aliyekatwa mguu na mwingine ambaye ugonjwa wake hatukuujua hadi siku ile, wakauliza kama nao wanaweza kuleta sadaka ya namna hiyo.